Barua Nilizozifukuza Mlangoni

Sehemu ya Nne

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa nimesimama kizingitini na mwiko mkononi, na yule mjumbe wa mthibitishaji hati anateremka mtaa mbio, bahasha kwapani. Hiyo ilikuwa barua ya tatu.

Kwa aliyechelewa: mimi ni Domitila Begazo, mpishi wa Yanahuara, hapa Arequipa. Nyumba ninayopikia si yangu. Ni ya Eleuterio Zegarra, kompadre wangu, aliyemshika binti yangu Yovana siku ya ubatizo. Mama yangu alipika humo miaka thelathini, mimi nina ishirini na miwili. Mitungi ya pombe ya mahindi imezikwa ardhini hadi shingoni, na jiwe la kusagia pilipili halisogei bila wanaume sita. Nikitolewa humo, natoka na masufuria tu, na masufuria peke yake hayajawahi kumfanya mtu mpishi.

Barua zote tatu zilitaka nirudishe nyumba. Najua hivyo kwa sababu mjumbe alinipigia kelele kupitia mlango uliofungwa. Zote tatu nilikataa kuzipokea. Baba yangu, Mungu amrehemu, alitufundisha kwamba barua ambayo hukuisaini haijafika, na mtaa mzima huu unaamini hivyo mpaka leo.

Wasomaji mmeniandikia. Nusu yenu mnaniita jasiri, nusu mnaniita punguani. Nyinyi wa pili ndio wenye haki, na leo nawaambia kwa nini, ingawa hata ninapoandika haya meno yananisagika.

Jumatatu, siku ya chaque, nikiwa nakata mbavu za kondoo kwa ajili ya supu hiyo, mlango uligongwa.

"Nani?"

"Mahakama."

"Hayupo."

"Nani hayupo?"

"Domitila."

"Na wewe ni nani?"

"Mpishi wake."

Nikamsikia anacheka. Nikafungua ili nimwone huyo anayecheka nyumbani kwangu. Alikuwa tarishi wa mahakama, mtu mnene wa makamo, gundi mfukoni.

"Mama, mimi sina ugomvi na mtu," akasema. "Ukisaini sawa, usiposaini sawa. Nabandika hapa mlangoni, napiga picha, naandika kwamba nimemkuta mama mwenye aproni ya maua mekundu, kisha naenda zangu kunywa chai."

"Thubutu!"

Akathubutu. Akabandika, akapiga picha, akaniaga kwa heshima zote.

Niliibandua ile karatasi nikaingia nayo ndani. Meza ya pembeni alikuwa ameketi Zoraida Talavera, wakili, ambaye kila Jumatatu huja kula chaque kwangu na hajawahi kuacha hata mfupa.

"Wakili, nisomee huu upuuzi."

Akasoma huku anatafuna. Halafu akaacha kutafuna.

"Bi Domitila, hii ni kesi ya kukuondoa kwenye nyumba."

"Hilo nalijua. Nataka kujua inatupwa wapi."

"Haitupwi. Una siku sita za kujibu. Kabla ya hii, uliletewa barua?"

"Tatu. Nimezifukuza zote."

"Umezifukuza?"

"Kama mbwa. Sijasaini hata moja!"

Nilisema kwa sauti, ili meza zote zisikie. Mzee mmoja akaniinulia glasi. Wakili hakuniinulia kitu. Alifunua kurasa za nyuma, akanionyesha nakala za zile barua tatu, kila moja ina maneno ya mthibitishaji mgongoni. Akaanza kunisomea. Tarehe kadha, saa kadha, mama wa nyumba alikataa kupokea. Tarehe kadha, mama wa nyumba alikataa akiwa na mwiko. Tarehe kadha, mama wa nyumba alikataa, mwiko tena mkononi, na kummwagia mjumbe maganda ya viazi.

Wateja wakaangua kicheko. Nikawageukia, kikafa.

"Kisheria umezipata zote tatu," wakili akasema. "Kukataa hakukusaidii chochote. Ungepokea, ukaandika pembeni tarehe na saa, ukaniletea siku hiyo hiyo. Ningejibu kwa barua ya mthibitishaji vilevile. Kupokea si kukubali, Bi Domitila. Ni kupokea tu."

"Sasa mbona hakuna aliyeniambia?"

"Ulimuuliza nani?"

Nani nimuulize? Marehemu? Damu ilinipanda. Miezi mitatu nimetembea mtaani kifua mbele, najiona nimeishinda serikali, kumbe kila nilipofunga mlango nilikuwa namwandikia Eleuterio ushahidi wake.

"Na hii?" Wakili alikuwa amefika kwenye nakala ya mkataba wangu wa pango. "Kifungu cha kumi na moja. Mpangaji anakubali tangu leo kwamba mkataba ukiisha, hakimu amtoe bila kesi ndefu. Mkataba umeisha Desemba."

"Sijawahi kukubali ujinga huo!"

"Saini hii ya nani?"

Ilikuwa yangu. Niliiweka miaka mitano iliyopita, asubuhi baada ya sherehe za mtakatifu somo wa kompadre, kichwa kinanigonga kwa sababu ya pombe yake ya anisi. Alinipeleka kwa mthibitishaji akasema, "Utaratibu tu, komadre." Nikasaini kila mahali aliponionyesha kwa kidole. Mtu niliyemkabidhi mtoto wangu mbele ya padri, nimkalishe chini nimsomeshe vifungu?

Ndiyo, ningemkalisha. Na wewe unayesoma hapa, kama una mkataba kabatini ambao hujawahi kuusoma ukurasa wa mwisho, weka gazeti chini uende ukausome. Nitakusubiri.

"Njia ni moja," wakili akasema. "Ndani ya siku sita tumwonyeshe hakimu mkataba mwingine ulio hai. Unao?"

"Sina."

"Hakuna aliyezungumza nawe habari za kuuongeza? Si kompadre wako huyo?"

"Sizungumzi na Eleuterio tangu Agosti mwaka jana."

"Kwa nini?"

"Alitia chumvi kwenye chupe yangu kabla ya kuionja."

Wakili alinikodolea macho. Yeye ni mtu wa Lima, nimsamehe. Lakini watu wa meza ya jirani walitikisa vichwa kwa uchungu, na mmoja akasema "mbele ya wageni, tena," kwa sababu alikuwepo siku ile. Chupe, supu yangu ya kamba ambayo watu husafiri kuja kuila! Hajachovya hata kijiko, ameshika kidau cha chumvi!

"Sikiliza," wakili akasema. "Usiende kwake. Leo una theluji ya mlima kichwani, zile hasira zenu za Arequipa. Nenda kapike, jioni nitapita tupange majibu."

Nilimwambia sawa. Nikavua aproni, nikaenda kwa Eleuterio.

Mlango ulifunguliwa na Romulo, mwanawe, yule anayevaa miwani ya jua ndani ya nyumba.

"Mama, kama ni habari ya kesi, zungumza na wakili wangu."

"Nimekuja kuzungumza na baba yako, kabla hujazaliwa nilikuwa namjua. Nipishe."

Nikampita. Eleuterio alikuwa ameketi sebuleni, blanketi magotini, mkongojo pembeni. Alivunjika nyonga Machi. Nilikuwa nimesikia, na sikwenda kumwona. Aliponitia machoni uso ukamchangamka.

"Komadre! Hatimaye umekuja!"

"Usiniite komadre, mnafiki mkubwa wee! Umekula mezani kwangu miaka ishirini, leo unaniletea mahakama? Kesho utaniletea dalali wa mahakama anitupie vyombo nje, watu waje kuchagua vijiko?"

"Mahakama gani?"

"Unaniuliza mimi?"

"Domitila, mahakama gani? Si tulisaini Desemba?"

"Tulisaini nini?"

"Mkataba mpya! Miaka mitano. Niliuleta mwenyewe mlango wa nyuma, nikampa Yovana, kwa sababu wewe ulikuwa hutaki hata kivuli changu. Siku mbili baadaye akanirudishia nakala yangu, umesaini. Nikasema basi, komadre amenisamehe ile chumvi."

Nilidhani ananidhihaki. Mimi nisaini karatasi yake, Desemba, na hasira zile?

"Romulo," akasema mzee, "nipe faili la bluu."

"Baba, hakuna faili la bluu. Tumeshazungumza."

"Lilikuwa kwenye hii droo."

"Baba." Romulo aliniangalia kwa uso wa huruma, na uso huo ukanichefua. "Unamwona mwenyewe, mama. Tangu aanguke anachanganya mambo. Mimi ndiye mwenye hati ya kusimamia mali zake. Nyumba ile imeshachukuliwa na watu wa hoteli, wanaanza kazi mwezi ujao."

"Sichanganyi!" Mzee alipiga mkongojo sakafuni. "Domitila, wewe una nakala yako! Ilete!"

"Sina nakala, kwa sababu sijasaini kitu! Afadhali ungevunjika ulimi, Eleuterio, nyonga ingebaki salama."

Nilisema hivyo. Kwa mgonjwa. Nikaondoka, naye ananiita kwa jina mpaka nikafika barabarani.

Nilirudi jikoni moto unanitoka masikioni. Wateja walishaondoka. Yovana alikuwa amepiga magoti kwenye jiwe anasaga pilipili. Ana miaka ishirini na minne, mtulivu, hakurithi kwangu isipokuwa pua. Nikamsimulia yote kwa kupayuka, natupa sufuria huku, nagonga kabati kule.

"Mzee amerukwa na akili! Eti nimesaini! Eti amekupa wewe mkataba mlango wa nyuma! Unamsikia?"

Jiwe likanyamaza.

"Mama, kaa."

"Sikai."

"Kaa, mama. Nakuomba."

Alikwenda chumbani kwake akarudi na bahasha ya kahawia. Ndani mlikuwa na mkataba. Pango la miaka mitano, kuanzia Januari mwaka huu. Chini kulia, saini ya Eleuterio inayotetemeka. Chini kushoto, yangu, na mkia wa D umepinda vile vile ninavyoupinda mimi. Pembeni ya kila saini palikuwa na alama nyeusi ya kidole cha shahada, kwa sababu nchini kwetu kalamu peke yake haiaminiki, lazima na kidole kiseme.

Nilifurahi. Nasema kweli, nilifurahi kama mwehu. Niliibusu ile karatasi. Miaka mitano! Romulo na miwani yake atamjua Domitila ni nani!

Ndipo nikajiuliza.

"Yovana, mimi nimesaini hii lini?"

"Hukusaini."

"Nani kasaini?"

Aliinua kidole cha shahada cha mkono wa kulia, chekundu kwa pilipili.

"Wewe? Umeandika jina langu?"

"Ilibaki wiki moja mkataba uishe, mama. Baba wa ubatizo alisema nikupe usaini, basi. Nilikuletea mara mbili. Mara ya kwanza nilisema tu 'baba wa ubatizo', ukarusha kikombe ukutani. Mara ya pili ulisema atakayelitaja jina lake jikoni humu atakula barabarani."

"Ungeniambia ni mkataba!"

"Ungeuchana."

"Nisingeuchana!"

"Mama."

Ningeuchana. Ningeuchana vipande vipande, ningetia motoni, halafu ningewaita wateja waje waone. Alijua, nami nilijua kwamba anajua.

"Na barua zilipokuja? Umenyamaza miezi mitatu unaniangalia nafukuza watu?"

"Nilizidi kuogopa. Kila ulipomfukuza nilisema labda hatarudi tena."

Nikafungua mdomo nimpe ya kumpa. Yovana akarudi nyuma hatua moja, akainua mkono kuukinga uso.

Sijampiga mtoto huyu tangu alipokuwa na miaka saba. Lakini mkono wake ulipanda wenyewe, bila yeye kufikiri, na nikaona kwamba miaka yote hii amekuwa akiishi na mimi kama mtu anayeishi na mbwa mkali. Aliogopa kunikabidhi karatasi kuliko alivyoogopa kughushi saini. Nilijichukia.

Sikupata nafasi ya kumwambia lolote.

"Hodi humu!" Wakili Zoraida aliingia na mkoba wake mkubwa, anahema. "Nimekuwa nikifikiri kuhusu kifungu kile, na sioni pa kutokea labda... Hiyo ni nini?"

Mkataba ulikuwa mezani, mbele ya kila mtu. Aliuchukua kabla sijafunika kwa kitambaa. Alisoma amesimama, midomo inacheza.

"Bi Domitila! Miaka mitano! Na uliniambia huna!"

"Nilisahau."

"Umesahau mkataba? Mwanamke anayekumbuka chumvi ya mwaka jana?" Alicheka, akaipiga busu karatasi pale pale nilipoibusu mimi. "Kesho asubuhi naupeleka mahakamani. Romulo kwisha habari yake."

Yovana alikuwa nyuma yake, ameshika beseni, haendi mbele wala nyuma.

Halafu wakili akaacha kucheka. Alivuta kiti akaketi karibu nami, akashusha sauti.

"Kuna kitu kimoja. Wakili wa Romulo si mjinga. Mzee akisema mkataba ni halali, wao watasema mzee amechanganyikiwa. Na jambo la kwanza watakaloomba ni mtaalamu wa alama za vidole. Karatasi ikiwa safi, unapika humu miaka mitano na hakuna wa kukugusa. Ikiwa ya kughushi, hatutazungumzia nyumba tena. Tutazungumzia gereza, kwa yule aliyeweka kidole. Kwa hiyo nauliza mara moja, hapa hapa, kabla haijatoka jikoni. Nina haki ya kujua ninachokwenda kusema mbele ya hakimu. Kidole hiki ni chako?"

Nilimtazama mwanangu juu ya bega la wakili. Alikuwa ananitikisia kichwa polepole: usiseme, mama, usiseme.

Maisha yangu yote nimesema uongo kwa kelele. Huu niliusema kwa upole.

"Ni changu."

"Mungu asifiwe." Wakili akafungua mkoba, akatoa kikasha cha wino na karatasi nyeupe, akaviweka mezani katikati ya vitunguu. "Basi nipe kidole, Bi Domitila. Tulinganishe wenyewe kabla Romulo hajalinganisha."

Nikaanza kufuta mkono kwenye aproni. Nilifuta polepole, kidole kimoja kimoja, kama mtu anayetafuta cha kufanya, nikijaribu kufikiri, na sikufikiri lolote. Wakili alikuwa ameshafungua kikasha.

Yovana akaweka beseni chini. Akapita mbele yangu, akanisukuma nyuma kwa bega kama ninavyomsukuma yeye jikoni kila siku, akanyoosha mkono wake kwenye wino.